Fumbo, Muhuri na Amana

Msomaji, katika mali zote alizo nazo mtu, hapana iliyo nyepesi kuibwa kama neno lake. Ng'ombe akiibwa huacha nyayo, na mahindi yakiibwa ghala huonekana limepungua. Lakini neno la mtu likiibwa, yaani mwingine akisema au akiandika kwa jina lake bila idhini, mwenyewe huendelea kulala usingizi wake, na habari humfikia siku deni linapodaiwa mlangoni.

Kwa sababu hiyo, tangu watu walipoanza kuuziana, kukopeshana na kutumiana, wamekuwa wakijiuliza maswali matatu. La kwanza: Je, neno hili limetoka kweli kwa huyu ninayeambiwa kuwa amelituma? La pili: Je, limefika kama lilivyotoka, au limeongezwa na kupunguzwa njiani? La tatu: Je, kuna sikio jingine lililolisikia? Majibu ya maswali hayo yana historia ndefu, nayo ndiyo ninayokusudia kukusimulia. Historia hiyo ilipita katika vijiti vya deni na mihuri ya nta, ikapita katika kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni mwa babu zetu, hata ikafika katika simu iliyo mfukoni mwa mkulima wa chai wa Kebirigo. Soma kwa makini, maana mwisho wake unakuhusu wewe mwenyewe.

Tuanze na nchi yetu hii ya milima na migomba, ambayo leo ni kaunti mbili, Kisii na Nyamira. Zamani, kabla shilingi haijajulikana, Wagusii walipeleka nafaka mipakani, na majirani zao Wajaluo wakaleta mifugo na vyungu. Katika masoko hayo hapakuwa na karani wala daftari. Sahihi ya mtu ilikuwa uso wake. Ng'ombe wa mahari walihesabiwa mbele ya wazee wa pande zote mbili, na hesabu ikawekwa katika vichwa vya watu wengi, ili mmoja akisahau au akitaka kudanganya, wengine wamkumbushe. Usiidharau desturi hiyo. Ilikuwa na nguvu ya mashahidi wengi, na tena ilikuwa na nguvu ya aibu, kwa kuwa mwongo hakuwa na mahali pa kwenda kuishi ila palepale miongoni mwa wale aliowadanganya.

Walakini desturi hiyo ilikuwa na upungufu mmoja: haikuweza kusafiri. Uso wa mtu hufika pale afikapo mwenyewe tu. Mara mtu alipotaka neno lake liende mbali asikofika yeye, ilimbidi atafute kitu cha kulishuhudia. Mataifa mengi yalipata shida hiyo, na kila moja lilitafuta dawa yake.

Huko Uingereza, kwa mathalan, hazina ya mfalme iliandika madeni juu ya vijiti. Kijiti kilikatwa alama za kiasi cha fedha, kisha kikapasuliwa kwa urefu wake kuwa vipande viwili. Mwenye kudai akachukua kimoja na mwenye kudaiwa akachukua cha pili. Siku ya kulipa, vipande viliunganishwa. Ikiwa mmoja ameongeza alama katika kipande chake, haitalingana na kipande cha mwenziwe. Na nyuzi za mti wenyewe, ambazo hakuna mkono wa mtu uwezao kuziiga, zilitoa ushahidi kuwa vipande hivyo vilitoka katika kijiti kimoja. Hila hiyo ilidumu karne nyingi. Iliachwa mwaka 1826, na mwaka 1834 vijiti vya kale vilipokuwa vikichomwa katika tanuri, moto ulizidi ukateketeza jumba la Bunge la London. Katika pwani yetu na ng'ambo ya Bahari ya Hindi, wafanyabiashara walitumia barua zenye mihuri, na hawala, ambayo kwayo mtu hulipa fedha kwa mfanyabiashara wa mji mmoja, na ndugu yake akalipwa na mfanyabiashara mwingine katika mji wa pili, bila sarafu hata moja kupanda chombo. Kilichosafiri kilikuwa neno na alama ya kulitambulisha.

Muhuri hujibu swali la kwanza na la pili. Ama swali la tatu, la sikio jingine, dawa yake ni fumbo. Wazee wa Kiswahili walisema: Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Ndani ya maneno hayo machache imo historia nzima ya maandishi ya siri. Yasemekana Julius Caesar wa Roma aliandika barua zake kwa kusogeza kila herufi mbele mara tatu. Ukifanya hivyo kwa alfabeti tuitumiayo leo, neno CHAI litakuwa FKDL. Asiyejua huona takataka. Ajuaye hurudisha herufi nyuma mara tatu akasoma. Kwa muda mrefu watu walidhani mafumbo ya jinsi hiyo ni salama. Lakini katika karne ya tisa mtaalamu wa Baghdad aitwaye al-Kindi alionyesha njia ya kuyavunja. Alisema, hesabu ni mara ngapi kila alama imetokea katika maandishi yaliyofumbwa, kisha linganisha na hesabu ya herufi katika lugha ya kawaida. Alama itokeayo zaidi ya zote huenda ikawa ndiyo herufi itokeayo zaidi katika lugha hiyo. Jaribu wewe mwenyewe kwa ukurasa huu. Utaona kuwa katika Kiswahili herufi A huzishinda nyingine zote. Basi mwerevu wa Baghdad angeling'amua fumbo lako kabla hujamaliza kunywa chai yako.

Sasa turudi nyumbani. Waingereza waliweka kituo chao Kisii mwaka 1907, na baada ya miaka michache serikali ya kikoloni ikataka kumtambua kila mwanamume Mwafrika mwenye kufanya kazi. Sheria ya kuandikisha watu ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume alipewa hati yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, na nafasi ya mwajiri kuandika kazi, mshahara na sahihi yake. Hati hiyo ilitiwa katika kikopo cha chuma, ikavaliwa shingoni kwa kamba. Watu wakaiita kipande. Wagusii waliokwenda kuchuma chai katika mashamba makubwa ya Kericho walikwenda nacho shingoni.

Tazama kwa jicho la mwanafunzi wa historia jambo lililotendeka hapo. Alama ya kidole ni ushahidi wenye nguvu, maana hapana watu wawili wajulikanao kuwa na alama zilizo sawasawa. Kwa swali letu la kwanza, kipande kilikuwa jibu la ustadi. Lakini kilijibu kwa upande mmoja tu. Bwana shamba aliweza kumhakikisha mfanyakazi. Mfanyakazi hakuwa na njia ya kumhakikisha bwana shamba. Mwajiri akiandika mshahara pungufu, au akikataa kutia sahihi kuwa mtu amemaliza kazi yake, aliyevaa kipande hakuweza kusahihisha hata neno moja katika hati iliyobeba alama za vidole vyake mwenyewe. Asipokuwa na sahihi hiyo hakuruhusiwa kuajiriwa kwingine, na akionekana bila kipande aliadhibiwa. Ndiyo maana kipande kilikuwa miongoni mwa manung'uniko aliyoyatangaza Harry Thuku huko Nairobi, hata akakamatwa mwaka 1922. Sheria nyingine ya mwaka 1947 ndiyo iliyochukua mahali pa ile ya kwanza. Weka funzo hili akilini, maana tutalirudia: kabla ya kusifu ustadi wa kufuli, uliza kwanza ni nani ashikaye ufunguo.

Ilipokuja Vita Kuu ya Pili, Kenya ilipata kuwa mahali pa kazi kubwa ya mafumbo, ingawa watu wachache mno walijua. Mwezi wa Aprili 1942 ndege za Wajapani zilishambulia kisiwa cha Ceylon, ambacho leo huitwa Sri Lanka. Manowari za Waingereza zikahamia Kilindini, Mombasa, na pamoja nazo wakaja wataalamu wa kufumbua maandishi ya adui. Wakapewa majengo ya shule ya Allidina Visram, shule ambayo mpaka leo hufundisha vijana wa umri wako. Katika vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya madaftari ya wanafunzi, watu hao walikaa wakishindana na mafumbo ya Wajapani yaliyonaswa hewani.

Mwezi wa Septemba mwaka huohuo walilivunja fumbo lililotumiwa na meli za biashara za Wajapani. Na walilivunjaje? Haikuwa kwa nguvu ya hesabu peke yake. Mpeleka habari mmoja wa Kijapani alituma ujumbe, kisha akautuma tena kwa ufunguo uleule akiongeza maneno machache aliyokuwa ameyaacha. Wataalamu wakaweka ujumbe wa kwanza kando ya wa pili, wakaona palipolingana na palipoachana, na fumbo zima likaanza kufunguka kama mshono uliokatwa uzi. Baada ya majuma machache waliweza kusoma habari za safari za meli hizo kila siku. Kufuli lilikuwa zuri. Aliyelitumia alikuwa na haraka. Hilo ni funzo la pili la kuweka akilini.

Kabla ya vita hivyo alikuwapo mwalimu aitwaye Auguste Kerckhoffs, ambaye mwaka 1883 aliandika kanuni iheshimiwayo hata leo. Alisema kuwa njia njema ya kufumba maandishi ni ile ambayo haiharibiki hata ikiangukia mikononi mwa adui, maadam ufunguo wenyewe haujulikani. Maana yake ni kwamba usitegemee kuficha jinsi kufuli lilivyoundwa. Waonyeshe mafundi wote waliangalie na kulijaribu. Ukilificha, wewe mwenyewe hutajua ubovu wake mpaka mwizi akuonyeshe.

Hata hivyo shida moja ilibaki bila dawa tangu Caesar hadi Kilindini. Mtumaji na mpokeaji walihitaji ufunguo mmoja, na ufunguo huo ulipaswa kupelekwa kwa siri kabla ya ujumbe wa kwanza. Wafalme na majeshi waliweza kuwatuma matarishi wenye kuaminiwa. Muuza ndizi wa soko la Daraja Mbili na mnunuzi wake wa Nairobi, ambao hawajapata kuonana, watautumaje?

Dawa ilipatikana mwaka 1976, pale Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Marekani walipotangaza jambo lililoonekana kama kinyume cha akili: kila mtu awe na funguo mbili, mmoja autangaze kwa watu wote, na mwingine aufiche peke yake. Lifungwalo na ufunguo mmoja hufunguliwa na wa pili. Mwaka 1977 wataalamu watatu, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, walipata njia ya hesabu ya kulitimiza wazo hilo. Baadaye, mwaka 1997, ilifahamika kuwa James Ellis, Clifford Cocks na Malcolm Williamson wa Uingereza walikuwa wamefikia mambo hayo mapema zaidi katika idara ya siri ya serikali yao, wakakatazwa kuyasema. Siri ya kutunza siri ilikuwa imefichwa!

Usiogope hesabu zake. Zimo katika uwezo wako. Chukua nambari tasa mbili, 3 na 11. Zizidishe upate 33. Tangaza kwa watu wote nambari 33 pamoja na ufunguo wa wazi, ambao ni 3. Ficha ufunguo wa siri, ambao ni 7. Sasa tuseme karani wa kituo cha chai anataka kuandika kilo 4 na kuzitia sahihi isiyoweza kuigwa. Atachukua saba za nambari 4 na kuzizidisha pamoja, apate 16,384. Atagawanya kwa 33, na baki itakuwa 16. Ataandika: kilo 4, sahihi 16. Mkulima akitaka kuhakikisha, hahitaji kujua siri ya karani. Atazidisha 16 mara 16 mara 16, apate 4,096. Atagawanya kwa 33, na baki itakuwa 4. Zimelingana! Na kama ayari amefuta 4 akaandika 9? Sahihi ile ya 16 bado itatoa 4, na udanganyifu utajulikana hapohapo.

Utasema, mtu akiona 33 si atajua mara moja kuwa ni 3 mara 11, kisha akakokotoa ule ufunguo wa siri? Naam, kwa nambari ndogo hivyo atajua. Ndiyo sababu nambari zitumikazo katika kazi ya kweli huwa na tarakimu zaidi ya 600. Kuzidisha nambari tasa mbili kubwa ni kazi ya kufumba na kufumbua jicho. Kuitenganisha hiyo iliyozidishwa, ili kuzipata zile mbili za mwanzo, ni kazi ambayo mashine za leo haziwezi kuimaliza katika umri wa mwanadamu. Ni kama kuchanganya chumvi na sukari: kijana mdogo aweza, bali nani atazitenga tena chembe kwa chembe?

Hapo ndipo historia ilipogeuka. Kwa njia hii mnyonge aweza kumhakikisha mwenye nguvu. Ufunguo wa wazi ni wa kila mtu. Mkulima aweza kuipima sahihi ya benki, ya serikali au ya kampuni, kwa hesabu ileile anayoitumia tajiri. Yale ambayo aliyevaa kipande hakuweza kuyafanya, hesabu imeyawezesha, ikiwa watu watapenda kuitumia.

Kuna na chombo kingine kinachofuatana na hiki. Wataalamu wametunga hesabu zinazotwaa maandishi ya urefu wowote, yawe barua fupi au kitabu kizima, na kutoa muhtasari mfupi wa urefu uleule siku zote. Ukibadilisha nukta moja tu katika maandishi, muhtasari wote hubadilika usitambulikane. Naweza kuuita alama ya kidole ya maandishi. Mwenye kutia sahihi huutia sahihi muhtasari huo badala ya kitabu kizima. Zamani serikali ilichukua alama za vidole vya watu. Leo watu wanaweza kuchukua alama za vidole vya hati za serikali, wakajua kama zimeguswa.

Sasa tufike katika siku zetu. Tarehe 6 Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa. Kabla ya hapo, kijana wa Kisii afanyaye kazi Nairobi au Mombasa alituma fedha nyumbani kwa posta, au kwa mkono wa jirani asafiriye, au kwa bahasha aliyokabidhiwa utingo wa basi. Na wengi wenu mwaweza kuwauliza wazee ni bahasha ngapi zilizofika na ngapi zilizopotea. Baada ya hapo fedha zilianza kufika Keroka, Nyansiongo na Ogembo kwa muda usiotosha kuchemsha maji. Wachongaji wa mawe laini wa Tabaka, wauzaji wa migomba, wakulima wa chai na makarani wote wakaingia katika biashara hiyo.

Ni nini kilichochukua mahali pa uso wa mtu, kijiti na muhuri? Ndani ya ile kadi ndogo ya simu, ambayo sisi huiita laini, mna nambari ya siri iliyotiwa na mafundi, ambayo hata wewe mwenye simu huioni. Nambari hiyo inajulikana na kadi yako na mitambo ya kampuni tu. Simu yako inapotaka kuingia katika mtandao, mitambo huipelekea nambari iliyookotwa kwa bahati, isiyojulikana kabla. Kadi huichanganya nambari hiyo na siri yake kwa hesabu, na kurudisha jibu. Mitambo nayo hufanya hesabu ileile, na majibu yakilingana, mlango hufunguliwa. Tambua ustadi wake: siri yenyewe haikusafiri hata mara moja. Aliyesikiliza njiani amesikia swali na jibu tu, na kesho swali litakuwa jingine.

Hata hapo funzo la Kerckhoffs lilithibitika. Moja ya hesabu zilizotumiwa na kadi nyingi za kwanza duniani ilikuwa imefichwa na wenye kuiunda. Mwaka 1998 watafiti wa California waliipata, wakaichungua, wakaonyesha kuwa yaweza kuvunjwa na siri ya kadi ikanakiliwa. Kampuni za simu zikalazimika kuhamia hesabu zilizo imara zaidi.

Msomaji, sasa nimefika pale nilipokuambia panakuhusu. Siri iliyo ndani ya kadi ni moja katika wingi wa nambari usemwao kwa tarakimu 39. Hapana mwizi atakayeibahatisha. Lakini ile nambari ya siri unayoibonyeza kwa kidole ina tarakimu nne, yaani ni moja katika 10,000 tu. Kinachoilinda ni kwamba mashine hukataa baada ya kukosewa mara chache, na kwamba mwenyewe hamwambii mtu. Ikiwa atamwambia mtu, ulinzi wote wa al-Kindi, wa Kerckhoffs na wa Diffie huwa kama ukuta wa mawe wenye mlango wa karatasi. Mashine haimjui nyanya yako. Mashine humjua yule aliye na kadi na nambari. Kwa mashine, mwenye vitu hivyo viwili ndiye nyanya yako.

Na katika nyumba nyingi za vilima vyetu ni nani ajuaye nambari ya nyanya? Ni mjukuu aendaye shule. Nyanya alichuma chai kwa miaka mingi katika baridi ya alfajiri, akabeba kikapu mgongoni hadi kituoni, majani yakapimwa, yakapelekwa kiwandani Sanganyi, Tombe, Kiamokama au Nyamache. Malipo ya mwezi na bonasi ya mwaka yakija, ujumbe huingia katika simu asiyoweza kuisoma vizuri kwa uchache wa macho. Hukuita, hukukabidhi simu, na hukutajia nambari kwa sauti, pengine mbele ya wageni. Siku hiyo wewe ndiwe kipande chake. Ukisema zimekuja elfu tisa ilhali zimekuja elfu kumi na mbili, hana kijiti cha pili cha kulinganisha.

Wengine hawana mjukuu karibu. Hao humpa wakala simu na nambari pamoja, au humsikiliza laghai apigaye simu akijifanya mtumishi wa kampuni, akiomba nambari hiyo ili, asemavyo, arekebishe kosa. Laghai huyo hajui hesabu yoyote ya mafumbo. Afanya kama waliofanya kazi Kilindini: angoja haraka na uzembe wa mtumaji. Wako pia wezi waendao kuomba kadi mpya kwa jina la mtu mwingine, ili siri ihamie kwao. Hao hawavunji kufuli. Hudanganya kuwa wao ndio wenye nyumba.

Serikali ya Kenya imetunga sheria za kukabili mambo haya. Mwaka 2009 sheria ilizikubali sahihi zitiwazo kwa njia ya kompyuta. Mwaka 2018 ikaja sheria juu ya matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mitandaoni, na mwaka 2019 ikaja sheria ya kulinda habari za watu, ambayo humpa kila mtu haki ya kujua habari zake zashikwa na nani na kwa sababu gani, na kutaka zisahihishwe zikiwa na kosa. Haki hiyo ya mwisho ndiyo aliyoikosa mwenye kipande. Imechukua karne nzima kufika. Lakini sheria, kama kufuli, haimlindi mtu asiyejua kuwa anayo.

Basi nini wajibu wako, wewe uliyepata bahati ya kusoma? Wa kwanza ni kuitunza nambari yako kama unavyoutunza mwili wako. Wa pili ni mgumu zaidi: ni kumfundisha nyanya kuibonyeza nambari yake kwa kidole chake mwenyewe. Kaa naye jioni moja, na ya pili, na hata ya kumi ikihitajika. Mwekee simu herufi kubwa. Mfundishe kutazama tarakimu za mwanzo za ujumbe, na kutofautisha elfu na mia. Kisha mwache abadilishe nambari yake akiwa peke yake chumbani, asikuambie ni ipi. Huenda ukaona kana kwamba umevuliwa heshima kwa kuwa hutumwi tena. Sivyo. Umemrudishia ufunguo wa nyumba yake.

Wa tatu ni kujifunza hesabu. Vijana wengi huuliza nambari tasa zina faida gani katika maisha. Sasa unajua kuwa juu yake umewekwa mshahara wa mwalimu, bei ya ndizi na bonasi ya chai. Nchi yetu inahitaji watu watakaoweza kuyachungua makufuli hayo, na kuuliza ni nani aliyeyaunda na ni nani ashikaye funguo. Babu zetu walipovishwa kipande hawakuulizwa. Sisi tukiwa na elimu, hatuna udhuru wa kutouliza.

Vijiti vimeungua, nta imeyeyuka, na kikopo cha chuma kimebaki katika majumba ya makumbusho. Hesabu za leo nazo zitapitwa na nyingine. Lakini katika kila zama, mwisho wa mlolongo wa kufuli alikuwapo mtu mmoja aliyeaminiwa na mwingine. Ikiwa leo mtu huyo ni wewe, uwe mwaminifu.